Nyati Ndani ya Ngano

Vijana wangu wa idara ya wanyamapori, siku mliyoniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na ombi. Blanketi nalitumia, maana huku Mbulu baridi haijui kustaafu. Saa ilisimama wiki ileile. Ombi lenu ndilo hili ninalolitimiza sasa: niandike jinsi tulivyofanya kazi Hanang enzi za mashamba ya ngano ya serikali, hasa ile habari ya nyati ambayo kila mmoja wenu ameisikia kwa namna yake. Wengine mmeisimulia mbele yangu mkiwa mmeongeza nyati wawili.

Habari za vyeo na mishahara nitazipita. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa kama basi la Mbulu wakati wa masika, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa upande wa Dongobesh, katika ukoo wa wakulima wa Kiiraqw. Tulilima mahindi na maharage, tukafuga ng'ombe wachache, na Jumapili tulikwenda kanisani. Majirani zetu wa bondeni walikuwa Wabarbaig, watu wa mifugo, ndiyo maana lugha yao naisikia tangu utoto ingawa wakizungumza haraka napotea. Nilipomaliza mafunzo nilipangiwa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Nilishuka kwenye basi na sanduku la bati, sare iliyonizidi mabega, na imani kwamba kazi yangu itakuwa kukamata majangili.

Mtu wa kwanza niliyemkuta ofisini alikuwa Mzee Lohay, askari wa wanyamapori wa siku nyingi, mwembamba, mwenye masikio makubwa kama ya swala. Alikuwa ameketi kwenye ngazi akisafisha mtutu wa bunduki kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekula?"

"Bado."

"Vizuri. Ukishiba utasinzia, na mimi nataka uone kitu."

Tulitembea hadi kwenye mwinuko mmoja upande wa Mogitu. Tulipofika juu akanishika mabega, akanigeuza taratibu kama mtu anayegeuza ng'ombe sokoni ili wanunuzi waone pande zote. Nyuma yangu ulikuwa mlima, mweusi kwa msitu, wingu limekaa juu yake. Mbele yangu ilikuwa ngano.

Mimi nilikulia kwenye vishamba ambavyo mama akisimama upande huu anaweza kumwita mtu wa upande ule aje kula. Ngano ile haikuwa na upande wa pili. Upepo ulipopita, nchi nzima iliinama, kisha ikainuka, kisha ikainama mbali zaidi, hadi macho yangu yakashindwa. Katikati yake trekta lilikuwa likitembea, na kwa umbali ule lilionekana dogo kama mdudu kwenye shuka. Nilisimama mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kuona kitu kilichopandwa na watu kikawa kikubwa kiasi kile.

"Sasa niambie," Mzee Lohay akasema. "Hapa umesimama kwa nani?"

"Kwa serikali."

"Serikali ipi?"

Ndipo akanionyesha kwa fimbo yake. Kule juu ni msitu wa hifadhi, hakuna kuwinda. Chini yake, pale penye nyumba na mahindi, ni ardhi ya kijiji, na mwindaji mwenye kibali anapita akikubaliwa na wenyeji. Ngano ni shamba la serikali, na anayeingia na bunduki bila neno la Meneja ana kesi. Kule ng'ambo ya ngano, penye nyasi na migunga, ni eneo la wazi ambalo mwenye kibali anaruhusiwa kuwinda kwa msimu wake. Halafu katikati ya hivi vyote kulikuwa na vipande na vichochoro ambavyo kila mtu alivisemea lake.

"Na mnyama je, mzee? Yeye ni wa nani?"

"Mnyama ni wa serikali popote alipo. Tatizo lake ana miguu."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na vitabu vyote nilivyosoma baadaye havikuliongeza sana.

Vifaa vyetu mngeviona leo mngecheka. Tulikuwa na Land Rover moja iliyowaka kwa kusukumwa, kwa hiyo tulijifunza kuiegesha mtelemkoni kila tulipokwenda. Tulikuwa na bunduki mbili za risasi kubwa, na Mzee Lohay alizipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe wa maziwa. Lakini kifaa alichonifundisha kukitegemea kuliko vyote kilikuwa kifuko cha kitambaa chenye majivu laini ya jikoni. Ukikitikisa, majivu yanatoka kidogo na kuelea, nawe unajua upepo unakwenda wapi hata kama ngozi yako haiusikii. "Bunduki inakosea," alikuwa akisema, "na wewe unakosea. Pua ya nyati haikosei."

Miaka ya kwanza kazi yangu kubwa haikuwa majangili. Ilikuwa kusimama katikati ya watu wawili wanaonyoosheana vidole, kila mmoja akiwa na haki yake. Wawindaji wenye vibali walikuwa wakipita kwenye barabara za shamba kwenda eneo la wazi, na wafugaji wa Kibarbaig walikuwa na njia zao za zamani za kupeleka ng'ombe majini, ambazo sasa zilikatiza ndani ya ngano. Mambo yalikwenda kwa kuvumiliana, hadi kiangazi kimoja moto ulipowaka pembeni mwa shamba na kula sehemu ya mazao. Aliyeuwasha hakujulikana. Wengine walisema wawindaji waliokuwa wakibanika nyama, wengine warina asali, wengine walisema ni trekta lenyewe lililotema cheche. Meneja hakungoja ajulikane. Alifunga barabara zote kwa magogo, akaweka walinzi.

Meneja wa shamba lile alikuwa mtu wa kusini aliyesomea kilimo, mrefu, mwenye kofia ya turubai ambayo sikuwahi kumwona bila yake. Msimdhanie vibaya. Alilala na kuamka na ngano ile. Nimemwona akichuma suke, akilisugua viganjani, akipuliza makapi na kutafuna punje macho yamefumbwa, kama padri kwenye maombi. Ila tangu moto ule, kila mtu asiye na jembe la serikali alikuwa mwizi kwake hadi athibitishe vinginevyo.

Eneo la wazi likawa kama chumba kisicho na mlango. Kwenye karatasi kila mwenye kibali aliruhusiwa kuwinda humo, lakini ili afike alipaswa kuzunguka mlima mzima, kisha arudi na nyama iliyoanza kunuka. Nilikwenda kwa Meneja mara nyingi. Alinipa chai, akanisikiliza, akakataa. "Bwana Nyama," aliniambia, maana ndivyo watu wote walivyotuita, "wewe unalinda wanaokimbia. Mimi nalinda kisichoweza kukimbia."

Wawindaji wakaanza kuwinda pale walipoweza kufika. Palikuwa na ukanda mwembamba wa vichaka upande wa Gendabi, ardhi ya kijiji, msitu wa hifadhi juu yake na ngano chini yake. Wanyama waliokuwa wakitoka msituni kutafuta malisho walipita hapo. Mzee Lohay aliutazama ukanda ule na kutikisa kichwa. "Wamewapa watu wenye bunduki kichochoro," alisema. "Kichochoroni mtu hana pa kukwepa, na mnyama hana."

Ilitokea wakati wa mavuno. Kombaini zilikuwa zimeanza kukata upande wa magharibi. Asubuhi moja Bwana Rajabu alikuja ofisini akitweta, kanzu imejaa mbigili. Bwana Rajabu alikuwa mfanyabiashara wa Katesh, ukoo wao ulitoka Kondoa. Aliuza nguo, chumvi na mafuta ya taa, na kwa msimu mmoja wa mwaka aliacha duka kwa mke wake akaenda kuwinda. Alikuwa mwindaji safi, mwenye kibali, asiyependa makuu. Siku ile midomo yake ilikuwa myeupe.

"Bwana Nyama, nimempiga nyati dume pale ukandani. Nimempiga vibaya. Badala ya kurudi msituni ameshuka kwenye ngano."

"Ameingia mbali?"

"Amezama kabisa. Nilifuata damu hadi kwenye mtaro wa shamba, walinzi wakanizuia. Nimewaambia wawatoe watu, wakaniambia niondoke na bunduki yangu kwanza."

Mzee Lohay alikwisha simama zamani. Ngano ile ilifika kiunoni. Nyati akisimama utamwona, lakini nyati aliyejeruhiwa hasimami. Hulala kimya akiangalia njia aliyopitia, akimngoja anayemfuata. Na ndani ya ngano ile siku ile kulikuwa na madereva, vibarua wa kushona magunia, na wanawake waliozoea kuiba njia kwenda kisimani.

Tulikwenda na Rajabu hadi getini, tukamkuta Meneja amefika kabla yetu.

"Hakuna bunduki itakayoingia humu," alisema. "Msimu uliopita niliambiwa hivyohivyo, kuna mnyama amejeruhiwa. Wakaingia watu ishirini wakakanyaga ngano kama uwanja wa mpira. Mnyama mwenyewe alikuwa digidigi."

"Huyu ni nyati, Meneja," nilisema. "Sheria inamtaka aliyemjeruhi amfuate, na inanitaka mimi nihakikishe."

"Sheria gani? Mimi pia nina sheria. Hili ni shamba la serikali."

"Na nyati ni wa serikali."

"Basi serikali itamtoa nyati wake. Nitapeleka matrekta yampigie honi."

Mzee Lohay alivua kofia yake ya sare, akazungumza kwa upole ambao niliuogopa. "Mwanangu, dereva wa kwanza atakayempigia honi, nani atakwenda kumwambia mke wake?"

Meneja akatazama upande wa kombaini, zilikokuwa zikitimua vumbi. Akamtuma mlinzi kwa baiskeli akazisimamishe, na vibarua watolewe wote. Injini zilipozimika moja baada ya nyingine, kimya kilichoshuka juu ya ngano kilikuwa kikubwa hata tukaanza kusema kwa kunong'ona.

Katika kimya kile tukasikia bangili.

Wanawake wa Kibarbaig walikuwa wanakuja kwenye barabara ya shamba, wamevaa ngozi zao ndefu zilizoshonwa shanga, shaba imewajaa mikononi, kila mmoja na fimbo. Mbele yao alikuwa bibi mmoja, mrefu, amenyooka kama nguzo. Jina lake Udaghwenga. Nilimfahamu kwa sura, na Mzee Lohay alimfahamu kwa heshima. Nilimwamkia kwa lugha yake, naye akaitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa ndani ya ngano.

"Yuko kwa baba yangu," alisema.

Ni lazima niwaeleze hapa. Kabla ya ngano, nchi ile ilikuwa malisho yao, na walipokufa wazee wao wakubwa walizikwa humo, juu yao kukainuliwa kilima cha udongo kwa kazi ya watu wengi na maombi ya miezi. Vilima vingi vilipotea chini ya majembe. Kimoja kilibaki, kwa sababu dereva wa kwanza aliyelima pale alikizunguka, na waliomfuata wakafuata mstari wake. Kilikuwa kama kisiwa, nyasi zimeota juu yake. Ndicho kilichokuwa kaburi la baba yake Bibi Udaghwenga. Aliponyoosha fimbo tukaona alichokiona: juu ya kilima wale ndege wadogo wanaokula kupe migongoni mwa wanyama walikuwa wakiruka na kutua, wakiruka na kutua. Walikuwa wanatua juu ya kitu kilicholala.

"Mwambie mwenye ngano," Bibi aliniambia, "damu isimwagike pale. Mkimpiga juu ya baba yangu, mmempiga baba yangu."

Nilitafsiri. Bwana Rajabu ndiye aliyesema, "Bibi, akibaki pale atakufa kwa uchungu, au atamuua mtu. Mimi ndiye niliyemwumiza. Nisaidie nimalize vizuri."

Nilipomfikishia maneno yale, Bibi alimtazama Rajabu kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza upepo ulikuwa wapi. Mzee Lohay alitoa kifuko chake cha majivu, akakitikisa. Majivu yalielea kutoka kilimani kuja kwetu.

"Vizuri," akasema Bibi. "Njia ya ng'ombe ya zamani inatoka kwa baba hadi pale walipokata. Mpeni njia hiyo. Ninyi kaeni mwisho wake. Sisi tutamwomba atoke."

"Watamwomba vipi?" Meneja akaniuliza. Sikujua. Mzee Lohay naye hakujua, alikiri kwangu baadaye.

Nimekaa na uamuzi ule maisha yangu yote, nikijiuliza kama ningeufanya tena. Kisheria nilipaswa kuwaondoa wale kina mama. Lakini nilitazama nyuso zao nikaona kwamba kuwaondoa kungehitaji serikali kubwa kuliko mimi. Nilichoweza kukifanya ni kumweka Mzee Lohay karibu nao ubavuni, bunduki tayari, nami nikaenda na Rajabu hadi kwenye ukanda uliokwisha kukatwa, mahali njia ya zamani ilipotokea. Meneja alitufuata. Nilimwambia abaki kwenye gari. Akasema ngano ni yake.

Tulipiga magoti kwenye mabua. Jua lilikuwa limepanda, na mlima ulisimama juu ya yote ukiwa wazi, wingu limeondoka. Ndipo kina mama wakaanza. Haukuwa wimbo wa kelele. Ulikuwa sauti ya chini, ndefu, inayotoka kifuani, mmoja akiishika pale mwenzake anapovuta pumzi, kwa hiyo haikukatika. Walisimama pembeni ya ngano upande wa chini ya upepo, fimbo zao zimesimama mbele yao, wakaimba kuelekea kilimani. Nywele za shingo yangu zilisimama. Rajabu kando yangu alikuwa akisoma dua kwa midomo tu.

Ndege waliruka wote pamoja. Na yule nyati akainuka.

Nimeona nyati wengi kabla na baada yake. Sikumwona mwingine kama yule. Alisimama juu ya kilima, mweusi wote, ngano ya dhahabu imemzunguka pande zote hadi upeo, mlima mgongoni mwake, pembe zake zimefunika paji la uso kama jiwe. Damu ilikuwa imemkaukia begani. Aligeuza kichwa akatutazama sisi, akawatazama kina mama, akatazama mbali kule eneo la wazi lilipo, na nikaona kwamba kati ya wote tuliokuwepo, wenye bunduki na wenye vyeo, hakuna aliyekuwa na haki ya kusimama pale kuliko yeye. Sina neno jingine la kulisema. Moyo wangu uliinama.

Akashuka. Hakukimbia. Alishuka akichechemea, akaingia kwenye ngano, na badala ya kufuata njia akaenda moja kwa moja kwa kina mama. Tuliona mgongo na pembe tu, zikipasua masuke kama mtumbwi. Mzee Lohay aliinua bunduki, lakini Bibi Udaghwenga alikuwa amepiga hatua mbele, na sasa alikuwa kati ya mtutu na mnyama. Hakurudi. Sauti haikukatika. Nyati alisimama mbele yake kwa umbali ambao mtu angeweza kumrushia fimbo. Alipiga chafya, akatikisa kichwa, vumbi la ngano likapaa. Yule mama mzee alisema naye kitu, neno moja au mawili, ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Nyati akageuka. Akaiona njia ya zamani, akaifuata, akaja kwetu.

Alipotoka kwenye ngano na kuingia penye mabua, mbali na kaburi na mbali na kina mama, nilifyatua. Niliisikia risasi ikimpata, na ndipo alipokimbia kweli, kichwa juu, pua mbele, akinijia. Nilifyatua tena. Rajabu alifyatua. Dunia ilikuwa kwato tu. Alianguka karibu sana hata udongo aliousukuma ukanijaa kwenye buti. Rajabu aliruka na kisu chake, akataja jina la Mungu, akamchinja akiwa bado ana pumzi, kisha akaketi chini pale pale akalia kama mtu aliyefiwa.

Nilipogeuka kumtafuta Meneja, alikuwa amesimama wima nyuma yangu. Hakukimbia. Kofia yake ilikuwa mkononi, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara.

Kina mama walikuja. Bibi Udaghwenga alimzunguka nyati, akamgusa paji la uso kwa fimbo. Kisha akatoa kibuyu kidogo cha samli kiunoni, akaja akanipaka kichwani hadi ikanitiririkia kwenye kola, akampaka Rajabu, akampaka Mzee Lohay. Kwao mtu aliyemkabili mnyama wa kuua hupakwa hivyo. Meneja alisimama kando kama mgeni harusini. Bibi akamwendea, akasita, akampaka naye, palepale kwenye upara.

"Kwa nini mimi?" Meneja akaniuliza. "Sikufanya kitu."

Nilimwuliza Bibi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Alizima mashine."

Samli ile haikutoka kwenye sare yangu, na mkaguzi aliyekuja baadaye alinikaripia kwa uchafu. Sikujitetea. Kuna mambo hayaelezeki kwa mkaguzi.

Nyama iligawanywa palepale. Rajabu alichukua alichoweza kubeba kwa punda mmoja, iliyobaki ikaenda kwa vibarua, kwa madereva na kwenye nyumba za Wabarbaig. Magunia ya ngano yalitandikwa chini, watu wakakaa juu yake bila kuulizana kabila. Sisi Wairaqw na Wabarbaig tulikuwa na magomvi ya zamani baina yetu, na siku ile sikumsikia mtu akiyataja.

Wiki iliyofuata Meneja alituita getini, mimi, Mzee Lohay, Rajabu na Bibi Udaghwenga. Tulikaa kwenye magogo yaleyale ya kizuizi. Alisema barabara ya kwenda eneo la wazi itafunguliwa kwa wenye vibali, mradi wapite na askari na wasiwashe moto. Njia ya zamani ya ng'ombe haitapandwa ngano tena. Kilima kitaachwa, na wenye kaburi watapita kumimina maziwa yao ya tambiko bila kuomba. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Na ukihamishwa?"

Meneja hakumwahidi asichoweza. Alihamishwa baada ya miaka michache. Aliyemfuata aliifunga barabara nusu, aliyemfuata huyo akaifungua, na kwa njia hiyo tuliendelea kugombana na kupatana hadi mashamba yenyewe yalipokoma. Lakini niwaambie, vijana: katika kufungwa na kufunguliwa kote huko, hakuna dereva aliyekilima kilima kile. Wapya walipofika waliambiwa na wakongwe wazunguke, wakazunguka.

Mzee Lohay alistaafu akarudi kwao kufuga nyuki. Bibi Udaghwenga alifariki katika uzee mwema. Rajabu hakuwinda tena. Bunduki yake aliisalimisha serikalini, na hadi leo wanawe wanauza chumvi Katesh. Mashine za shamba zilikaa juani zikiota kutu, ardhi nyingine ikarudi kwa vijiji, nyingine ikaenda kwa wawekezaji, na ile picha ya mipaka aliyonionyesha Mzee Lohay kwa fimbo ikachorwa upya mara nyingi kiasi kwamba sasa mnaitafuta kwenye simu.

Nyati nao walitoweka. Tuliona nyayo msituni kwa miaka kadhaa, kisha hata nyayo hatukuziona. Kwenye taarifa zangu za mwisho niliandika kwamba mlimani hawapo tena. Niliandika kwa kalamu nzito.

Kiangazi changu cha mwisho kazini alikuja mzee mmoja ofisini Katesh, mrefu, anatembea kwa mkongojo, amevaa kofia ya turubai. Sikumtambua hadi alipoivua. Meneja alikuwa amesafiri siku mbili kwa basi kutoka kwao kusini, bila sababu yoyote ya kiofisi.

"Bwana Nyama," alisema, "nataka kuiona ile nchi kutoka juu. Wakati wangu sikuwahi kupanda. Nilikuwa natazama chini tu."

Tulipanda taratibu, asubuhi, tukipumzika kila alipotaka, hadi kwenye uwazi mmoja pembezoni mwa msitu. Chini yetu nchi ilikuwa imekatwakatwa, mahindi hapa, alizeti pale, ngano kidogo, malisho, mabati yakimeta. Alikuwa akiniuliza hili ni la nani na lile ni la nani, nami nikimjibu ninavyojua, aliponishika mkono ghafla.

Walikuwa wanatoka msituni chini kidogo ya pale tulipoketi. Kwanza jike mzee, pua juu. Kisha wengine, wakubwa, wenye ndama, weusi na wazito, wakija kimya kama kivuli cha wingu. Sikuwahesabu. Sikuweza hata kufikiri kuwahesabu. Walivuka mpaka wa hifadhi bila kuugeukia, wakaingia ardhi ya kijiji, wakaanza kula. Wale niliowaandika kwamba hawapo. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Meneja alijishika kwenye mkongojo, akasimama kwa shida. Yule jike mzee aliinua kichwa akatutazama. Na yule mzee aliyewahi kufunga nchi nzima kwa magogo akainamisha upara wake, akasema kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyefundishwa adabu nyumbani:

"Shikamoo."

Sikucheka. Tulisimama hivyo hadi wa mwisho alipopita.